Makazi Mapya kwa Mbwa Aliyekosa Mwenyewe

Mbwa anayezurura peke yake katika vijiji vya Marambo, wilayani Nachingwea mkoani Lindi, mara nyingi si mbwa asiye na kwao. Mchana huzunguka majalalani na kwenye mabucha, hufuata watoto hadi shuleni, na jioni hurudi kwenye ua anaoujua. Watafiti waliokadiria idadi ya mbwa wa Tanzania katika muongo uliopita walipata mbwa wapatao milioni 2.3, yaani mbwa mmoja kwa kila watu 21 hivi, wengi wao wakiwa wilaya za bara kuliko za pwani. Karibu wote ni wa kaya fulani, ingawa hawafungwi wala hawavai mkanda shingoni. Mwenye haja ya kuokolewa ni yule ambaye kaya yake imemtoka.

Njia za kupoteza kaya ni nyingi. Mzee aliyemfuga amefariki, na warithi wamegawana mikorosho na mabati bila mtu kumtaja mbwa. Familia imehamia mjini kwenye chumba cha kupanga, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za mbwa. Ndoa imevunjika: kwa Wamwera, Wamakua na Wayao, ambao kwa desturi huhesabu ukoo upande wa mama, mwanamume aliyehamia kwa wakwe ndiye anayeondoka, na mbwa wake wa kuwindia huweza kubaki uani pasipo mtu wa kumwita. Jike amezaa sita, wawili wamechukuliwa, wanne wanakua bila mpango. Wapo pia waliogongwa na bodaboda barabarani, na walionaswa na waya uliotegewa nguruwe pori, ambao waliuguzwa na wapita njia, si na wenyewe.

Kabla ya kumtafutia mbwa mwenyeji mpya, huulizwa kwanza kama wa zamani yupo. Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji ndio wa kuanzia, kisha kijiwe cha kahawa, ambako habari za mbwa aliyepotea hufika upesi kuliko ofisini. Mwili wa mbwa wenyewe husema kitu: kovu la kamba shingoni, kuhasiwa, au kuitikia jina likitajwa na mtoto. Siku kadhaa za kuuliza hazipotei bure, kwa kuwa kumgawa mbwa wa mtu, hata kwa huruma, huzaa ugomvi ambao baraza la kijiji halimalizi kwa kikao kimoja.

Linalofuata ndilo zito kuliko yote, nalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu unaua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Kusini mashariki mwa Tanzania kuna historia ya pekee katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Mfuko wa Bill na Melinda Gates, liliendesha mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa cha mbwa katika wilaya 28 za ukanda huo, kwa kuwachanja mbwa kijiji kwa kijiji. Lengo la kampeni za namna hii ni kuwafikia asilimia 70 ya mbwa. Kiwango hicho kikifikiwa na kurudiwa mwaka hadi mwaka, virusi hukosa mbwa wa kuwarukia na mnyororo wa maambukizi hukatika.

Uchunguzi uliofuatilia ugonjwa huo katika mikoa ya Lindi na Mtwara kati ya mwaka 2011 na 2019 ulionyesha jambo ambalo wakulima walikwisha kulishuku. Zaidi ya theluthi ya wanyama waliohesabiwa kuwa na kichaa walikuwa wanyamapori, hasa mbweha. Mbweha hushuka mashambani usiku, huumana na mbwa wanaolinda mazao, na asubuhi mbwa hurudi nyumbani na jeraha ambalo hakuna aliyeona lilivyopatikana. Uchambuzi huohuo ulionyesha kwamba dawa ya ugonjwa wa mbweha iko kwa mbwa: wa nyumbani wakichanjwa vya kutosha, hata porini ugonjwa hupungua.

Mbwa aliyeokolewa Marambo, kwa hiyo, hahesabiwi kuwa salama kwa sababu tu anatikisa mkia. Huchanjwa mara tu anapopokelewa, kupitia kwa afisa mifugo wa kata au ofisi ya mifugo ya halmashauri. Katika kampeni hata vitoto wachanga hupokelewa, kwa kuwa kuwaacha ni kuacha pengo kubwa katika jamii ya mbwa inayojaa wadogo. Lakini chanjo haimponyi mbwa ambaye tayari ana virusi mwilini. Virusi huchukua muda kabla ya kujitokeza, kwa kawaida wiki tatu hadi miezi mitatu, na mara nyingine zaidi. Mbwa mwenye jeraha la kuumwa lisilojulikana asili yake hapaswi kupelekwa haraka kwenye nyumba yenye watoto wadogo. Hukaa kwa mlezi wa muda, ndani ya ua uliofungwa, huku akiangaliwa: anakula? anameza maji? sauti yake imebadilika? anang'ata vijiti na mawe bila sababu? amekuwa mpole kupita kawaida, au taya limelegea na mate yanachuruzika? Watu wengi humtarajia mbwa mwenye kichaa awe mkali, na wanasahau yule anayepooza kimyakimya, ambaye mtu humwingiza mkono mdomoni akidhani amekwamwa na mfupa.

Akimuuma mtu wakati huo, kidonda huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeumwa hupelekwa hospitali kuanza chanjo, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Mbwa huyo hauawi ovyo, hufungiwa na kuangaliwa kwa siku kumi. Akiwa bado mzima siku ya kumi, hakuwa na virusi mateni siku aliyouma. Kumpiga rungu na kumtupa kichakani huwanyima wauguzi na maafisa mifugo jibu wanalolihitaji.

Magonjwa mengine yana haraka ndogo, ingawa ndiyo humfanya mbwa aonekane hana thamani kwa anayekuja kumtazama. Minyoo humvimbisha tumbo na kumkwamisha kukua. Mayai yake humwagika uani wanakochezea watoto. Kupe huleta homa na upungufu wa damu. Ukurutu humnyonyoa manyoya hadi watu wakaogopa kumgusa, na bado ni ugonjwa unaotibika kwa wiki chache. Majike na madume yanayozurura hupata uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao hutoa damu na huonekana kama hukumu ya kifo, kumbe hupona kwa sindano zinazotolewa na daktari wa mifugo. Mbwa wanaofuatana na warina asali na wawindaji kuelekea misitu ya Liwale wana hatari ya ndorobo, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o: mbwa hukonda, uso huvimba, na jicho hupata utando wa rangi ya bluu na maziwa. Kwa mbwa ndorobo huua haraka kuliko kwa ng'ombe.

Kuhasi humsaidia mbwa kupata nyumba, hasa jike. Ujauzito wa mbwa ni siku 63 hivi, na jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka. Mtu anayemchukua jike asiyehasiwa anachukua pia watoto wake wa baadaye, na kazi ya kutafuta makazi inaanza upya mara sita. Shida ni kwamba upasuaji wa mbwa haupatikani kila kata. Mahali ambapo daktari wa mifugo wa wilaya anaweza kuufanya, huwa ni busara kungoja hadi wapatikane mbwa kadhaa na kuwafanyia siku moja. Vitoto wasitolewe kwa mama kabla ya wiki nane. Anayechukuliwa na wiki tano, kama ilivyozoeleka, hukosa kufundishwa na nduguze kiasi cha kuuma kinachokubalika, na hilo halifundishiki vizuri baadaye.

Nyumba inayofaa ni ipi? Hapa Marambo inatofautiana sana na mijini, na ushauri uliotungwa kwa ajili ya watu wenye uzio, kitanda cha mbwa na chakula cha mfuko haufiki mbali. Mbwa wa huku ana kazi. Mahindi, ufuta, mbaazi na muhogo vina maadui wengi, nguruwe pori, nyani, ngedere, na mkulima hulala kwenye dungu shambani miezi ya mazao kuiva. Ulinzi huo una gharama yake: kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 nchini Tanzania, Mkoa wa Lindi ukiwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi, na watafiti waliochunguza vifo hivyo walivihusisha kwa kiasi kikubwa na nguruwe pori, kwa sababu nguruwe huwavuta simba mashambani na huwalazimisha watu kulala huko. Mbwa anayebweka mapema ana maana kwa mtu aliye kwenye dungu. Ndiyo sababu mbwa mwenye sauti na masikio mepesi hupata mwenyeji upesi, hata akiwa na mguu uliopinda.

Lakini kazi peke yake si dhamana ya kupendwa, na kalenda ya mkulima inaonyesha sababu. Februari mbwa ana kazi nyingi, mahindi yako shambani, ila ghala limebaki vumbi na unga umepanda bei. Agosti mambo hugeuka: unga upo, lakini shamba ni mabua matupu na hakuna wa kumfukuza. Mbwa anahitaji kaya itakayomlisha katika miezi yote miwili, ile ya njaa na ile ya kukosa kazi. Ahadi zinazotolewa Novemba, korosho zikiwa zimelipwa, ni nyepesi. Maswali yaelekezwe kwenye Februari na Agosti.

Hesabu yenyewe si siri. Mbwa wa kienyeji mwenye kilo 15 hutosheka na karibu gramu 280 za unga wa dona kwa siku, uliopikwa na kuchanganywa na dagaa, utumbo au maharage. Kwa mwaka ni kama kilo 100, yaani gunia moja. Makombo hupunguza sehemu ya gunia hilo, ila katika kaya ambayo watoto hawaachi makombo, hakuna cha kupunguza. Anayesema "atakula tu tunachokula" anatoa jibu zuri ikiwa yeye mwenyewe hula mara mbili au tatu kwa siku mwaka mzima. Na mwanamume anayekubali kumchukua mbwa kwa moyo mkunjufu siye atakayesonga ugali wake. Anayepaswa kuulizwa ni mama mwenye jiko, na akisita, mbwa asitolewe hapo. Kipengele hiki husahauliwa mno, labda kwa sababu wanaume ndio hukutana kijiweni.

Dini nayo ina nafasi yake, kwa kuwa Waislamu ni wengi mkoani Lindi na mafundisho ya madhehebu ya Shafii huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito, inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Fundisho hilohilo linaruhusu kufuga mbwa kwa kulinda mashamba na mifugo na kwa kuwinda, na hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu inajulikana na kila mtoto wa madrasa. Anayewatafutia mbwa makazi hana haja ya kuzikwepa kaya hizi. Anachotakiwa ni kuyapanga mambo mapema: chombo cha mbwa kisichochanganywa na vya watu, banda upande wa nyuma wa ua, mbali na mlango na mahali pa kutawadhia, na mbwa aliyefunzwa kutoingia ndani wala kurukia nguo. Mbwa aliyezoea kulala chini ya kitanda cha mtu atateseka hapo. Mbwa wa shamba hataona tofauti.

Kizingiti kingine kiko uani kwenyewe, nacho ni kuku. Mbwa mla mayai hurudishwa ndani ya wiki, na anayeua vifaranga huenda asirudishwe kabisa. Mlezi wa muda humpitisha mbwa katikati ya kuku akiwa amefungwa kamba, mara kadhaa kwa siku, na kumtuza kila anapowapuuza. Majibu ya zoezi hilo husemwa kwa ukweli. Kuficha kwamba mbwa anawinda kuku, kwa hofu ya kukosa mchukuaji, ni kumpeleka mahali pa kupigwa. Vivyo hivyo kwa mbwa anayeogopa wanaume, anayelinda chakula chake kwa meno, au anayekimbia radi: wapo watu wanaoweza kuishi na kasoro hizo, maadamu wamezijua kabla.

Siku ya makabidhiano ni bora iwe asubuhi. Vitoto husafiri vyema ndani ya tenga, mkubwa kwa miguu akifungwa kamba ikiwa si mbali. Kumbana juu ya bodaboda humtia woga ambao ataukumbuka. Huenda na kipande cha gunia alilokuwa akilalia. Pamoja naye huenda kadi ya chanjo, ikiwa na tarehe, na wanaokabidhiana hukubaliana mbele ya mjumbe au jirani kwamba mbwa sasa ni wa fulani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 humtaka mwenye mnyama ampe chakula, maji, hifadhi na matibabu na inakataza ukatili, hivyo kujulikana nani ni mwenye mbwa si jambo la adabu tu.

Kwa wiki mbili za kwanza mbwa hufungwa kwa kamba ndefu mahali penye kivuli na maji, au hukaa katika ua usio na upenyo, kwa sababu akiachwa atarudi alikotoka, hata akivuka mto. Mtu mmoja humlisha saa ileile kila siku. Watoto hufundishwa kutomgusa akila wala kumwamsha kwa kumrukia. Siku tatu za kwanza wengi hukataa chakula, hujikunyata, hawabweki kabisa, na mwenyeji mpya hudhani amepewa mbwa mgonjwa au mzubaifu. Kubweka huja wiki ya pili au ya tatu, mbwa anapoanza kuuona ua huo kuwa wake. Aliyemtoa hupita kumtazama kama apitavyo jirani yeyote, bila kujifanya mkaguzi: mbavu zinaonekana kuliko awali? shingo imechubuka kwa kamba? chombo cha maji kina maji?

Mijini Afrika Mashariki kazi hii ina mashirika. Nairobi ipo KSPCA, shirika la Kenya la kuzuia ukatili kwa wanyama, ambalo asili yake ni chama kilichoanzishwa mwaka 1910. Kampala ipo USPCA, shirika la namna hiyo la Uganda, lililoanza 1996 na kuendesha kituo cha kulelea mbwa na paka. Mkoani Arusha kuna Mbwa wa Africa. Vituo vya namna hiyo hupokea mbwa, huwatibu, huwahasi, huwahoji wachukuaji na baadhi ya mbwa huwapeleka hata nje ya nchi. Kijijini mfumo huo si lazima uigwe wote. Banda lililojaa mbwa hueneza magonjwa, hasa ule wa kuharisha damu unaomaliza vitoto, na humfundisha mbwa maisha ambayo hatayaishi tena. Mlezi mmoja mwenye mbwa mmoja au wawili kwa wakati, anayejulikana na afisa mifugo na anayeaminika kijiweni, hufanya kazi bora kuliko banda la mbwa ishirini lisilo na fedha za unga. Anachokosa ni dawa, usafiri na mtu wa kupasua, na msaada wowote wa kutoka nje ungefaa uanzie hapo.

Wapo wasiopata nyumba. Mbwa aliyeuma watu zaidi ya mara moja bila kuchokozwa, au mwenye maumivu yasiyotibika, hapewi mtu mwingine. Daktari wa mifugo humlaza kwa sindano, na uamuzi huo hauachiwi kijana mwenye panga. Mbwa mzee ni suala jingine. Hawezi tena kukimbizana na nguruwe, meno yamekwisha, lakini anakijua kila kijia na kila mgeni, na bibi anayeishi peke yake na mbuzi watatu huenda akamfaa kuliko mkulima mwenye ekari kumi. Chakula chake ni kidogo na laini, mara mbili kwa siku.

Mwenyeji akishindwa, mbwa hurudishwa kwa aliyemtoa, na hilo husemwa wazi tangu mwanzo ili asije akatupwa njiani kwa aibu. Akidumu, kampeni ya chanjo inapokuja tena, mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, watoto wa kaya mpya ndio wanaomvuta kwa kamba hadi kituoni, na kadi huandikwa jina la baba yao au mama yao.